Kwa nini tunaulizwa kuhusu mtoto tuliyekwisha kumzika?

Matanga yameisha na jamaa wamerudi makwao. Baada ya muda, mtu mwenye kitambulisho cha utafiti anapiga hodi. Anatoa pole, kisha anauliza: mtoto aliugua siku ngapi? Alikuwa na homa? Alipumua kwa shida? Alifikishwa hospitalini? Wazazi hubaki wakijiuliza maswali haya ni ya nini, na marehemu hatarudi.

Sababu ni kwamba daftari la hospitali halisemi yote. Tuchukue mfano. Wodi imelaza watoto 40 wenye nimonia kutoka kijiji kilicho karibu na lami, na 10 kutoka kijiji cha mbali. Ukitazama daftari pekee, utadhani kijiji cha mbali kina afya njema. Huenda watoto wanaougua huko ni wengi vilevile, ila nauli imewashinda wazazi, au mtoto amekata roho njiani. Aliyefia nyumbani hayumo katika daftari la wodi. Tena, bila kujua kila kijiji kina watoto wangapi, hatuwezi kulinganisha hizo 40 na 10.

Ndiyo maana wataalamu wa epidemiolojia, yaani elimu ya jinsi magonjwa na vifo vinavyotokea katika jamii, huanza kwa kuhesabu watu majumbani.

Hapa Kilifi kazi hiyo ilianza mwaka wa 2000 chini ya mpango wa utafiti wa KEMRI na Wellcome Trust, uliopo mjini Kilifi tangu 1989. Eneo linalofuatiliwa ni kilomita mraba 891 kuzunguka hospitali kuu ya Kilifi, lenye zaidi ya wakazi 260,000. Wahojaji hupita nyumba kwa nyumba wakiandika waliozaliwa, waliohamia, waliohama na waliofariki. Mgonjwa wa eneo hilo akilazwa, rekodi yake huunganishwa na orodha hiyo.

Tangu 2008, familia iliyofiwa pia huulizwa kuhusu dalili za marehemu. Majibu hayo huwasaidia wataalamu kukadiria chanzo cha kifo, hata kama marehemu hakuonwa na daktari.

Faida yake imeonekana. Miaka ya 1990, kabla ya orodha hii kuanzishwa, utafiti uliofanywa Kilifi kwa kuhesabu watoto vijijini ulionyesha kwamba vyandarua vyenye dawa vilipunguza vifo vya watoto kwa asilimia 33. Matokeo hayo yalikuwa miongoni mwa ushahidi uliofanya vyandarua hivyo vikubalike kote Afrika.

Chanjo ya numokoka, inayokinga nimonia na homa ya uti wa mgongo, ilianza kutolewa nchini Januari 2011. Kwa kutumia orodha ya Kilifi, watafiti waligundua kwamba maambukizi makali ya aina za bakteria zinazokingwa na chanjo hiyo yalipungua kwa asilimia 92 kwa watoto wa chini ya miaka 5. Hata watu wazima ambao hawakuchanjwa waliugua kidogo zaidi, kwa kuwa watoto hawakuwa wakiwaambukiza tena.

Bila kuhesabiwa nyumbani, mambo haya yasingejulikana kwa uhakika. Na kijiji ambacho vifo vyake havijulikani ni vigumu kukipangia zahanati, chanjo au ambulensi.

Mkazi afanye nini?

• Mhojaji akifika, mwombe kitambulisho na umuulize maelezo yatatumiwaje. Kushiriki katika utafiti ni hiari. Una haki ya kukataa, au kumwomba arudi siku nyingine ikiwa uchungu bado ni mwingi.

• Kifo kikitokea nyumbani, mjulishe naibu chifu ili kisajiliwe na upewe kibali cha mazishi. Hata mtoto mchanga aliyeishi siku moja anapaswa kusajiliwa.

• Mpeleke mtoto apate chanjo ya numokoka akiwa na wiki 6, 10 na 14, na ukitunze kitabu chake cha kliniki.

• Mtoto akipumua kwa haraka au kwa shida, akikataa kunyonya au akipata degedege, usingoje kupambazuke. Mpeleke katika kituo cha afya kilicho karibu.

Maswali ya mhojaji hayamlaumu mzazi. Yanatafuta kujua ni nini kilichomuua mtoto huyu, ili wa jirani aokolewe mapema.