Kata ya leo si kata ya kesho

Katika kilabu kimoja cha mbege, pombe ya ndizi na ulezi, huko Marangu kuna kata ya kibuyu yenye ufa ulioshonwa kwa uzi mweusi. Hubeba karibu lita moja. Asubuhi mbege inapotoka, lita hiyo ni kinywaji cha upole, kizito, chenye utamu wa ndizi na uchungu wa magome ya msesewe. Kesho yake jioni, kata ileile inaweza kumlewesha mtu mzima.

Hilo ndilo lililonikaa kichwani. Kila siku tunahimizwa kunywa kwa kiasi. Kiasi kipi, ikiwa pombe yenyewe inaendelea kuiva ndani ya pipa?

Mpika mbege wa hapo, mama aliyeomba jina lake lisiandikwe, haoni fumbo lolote. Ndizi mbivu amezichemsha hadi zikawa nyekundu, akazifunika siku kadhaa, akazichuja. Ulezi ameuotesha, akauanika, akausaga, akaupikia uji. Vikishakutana, anasema, hakuna wa kuvituliza.

“Mimi naisikiliza,” anasema huku ameinamisha sikio pipani. Povu likitoa mlio mdogo kama manyunyu juu ya mgomba, bado changa. Mlio ukififia, anajaza kata nusu, kwa nusu ya bei. Mteja akinung’unika, jibu lipo tayari: “Baba, hiyo nusu ndiyo kata yako ya jana.”

Kila kata anaionja yeye kwanza, kama desturi inavyotaka, mnywaji aone haina sumu. Kwake funda hilo ndilo kipimo pia. Aliyekuja na njaa huanza na mtori. Aliyekuja na pikipiki hutundika ufunguo ukutani, juu ya msumari, na kuufuata asubuhi.

Kwenye chupa mambo yameandikwa. Bia ya nusu lita yenye kilevi cha asilimia 5 ina gramu 20 hivi za alkoholi, na ini huhitaji saa mbili au zaidi kuziondoa. Kiroba, kile kifuko cha pombe kali, cha mililita 100 na asilimia 35 kilibeba gramu 28 hivi, za mafunda mawili matatu tu. Viroba vilipigwa marufuku nchini Tanzania tangu Machi 1, 2017. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani likasisitiza kuwa hakuna kiwango cha pombe kilicho salama kwa afya.

Nilipomweleza hilo, mama alinyamaza kidogo. Ada za shule zinatoka kwenye pipa hilo, na mbege isiyouzwa inachacha, inamwagwa. Kila nusu anayoizuia ni hasara yake. Je, wenzake wangapi wanaimudu? Na siku akiugua, nani atasikiliza pipa?

Wewe unayekwenda kilabuni wikiendi hii, uliza kwanza mbege imetoka lini. Kula kabla ya kunywa. Na pikipiki iache nyumbani.