Kipigo, PF3 na hati ya baraza

Mwanamke wa Maposeni akipigwa na mumewe, mara nyingi haanzii polisi. Huanzia kwa wazazi, kwa mshenga, kwa katekista au kwa mwenyekiti wa kitongoji. Mume huonywa, mke huambiwa avumilie kwa ajili ya watoto, jioni wanarudi wote nyumbani.

Kifungu cha 66 cha Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya 1971 kilishasema kwamba hakuna mila inayompa mtu haki ya kumchapa mwenzi wake. Tatizo ni kwamba hakitaji adhabu. Anayetaka mume ashtakiwe huangukia kwenye Kanuni ya Adhabu, kwa makosa ya shambulio au kujeruhi, maana hatuna sheria mahususi ya ukatili wa majumbani kama ya Uganda ya 2010 au ya Kenya ya 2015. Na wanaopigwa si wachache: utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 ulikuta wanawake 27 katika kila 100, wenye miaka 15 hadi 49, wamewahi kufanyiwa ukatili wa kimwili tangu watimize miaka 15.

Kwenye talaka, ukatili wa mwili au wa akili, kwa mwenzi au kwa watoto, ni ushahidi kuwa ndoa imevunjika. Ushahidi huo hupotea upesi. Fomu ya PF3, ile ya polisi anayokwenda nayo majeruhi hospitali, ichukuliwe polisi, kwenye Dawati la Jinsia na Watoto, daktari aijaze alama zikiwa bado zinaonekana. Uvimbe ukishashuka, unabaki ubishi wa mdomo tu.

Kisha linakuja baraza la usuluhishi la ndoa. Bila hati yake kwamba usuluhishi umeshindikana, kwa kawaida mahakama haipokei shauri. Kifungu cha 101 cha Sheria ya Ndoa kinaruhusu kulipita baraza panapokuwa na mazingira yasiyo ya kawaida, na kwa maoni yangu mkono uliovunjwa unatosha kabisa. Wengi hawalijui hilo, wanaketishwa benchi moja na aliyewapiga.

Kuhusu mali, shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu la 1983 liliamua kuwa kazi za nyumbani ni mchango. Bi Hawa mwenyewe hakupata kitu, kwa kuwa alionekana ametapanya fedha alizopewa na mumewe. Kifungu cha 114, kinachoongoza mgawanyo, kipigo hakikitaji kabisa. Lakini aliyekimbilia kwao hajapoteza nyumba: ndoa ikiwa bado ipo, kifungu cha 59 kinamzuia mume kuiuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mke. Amwarifu mtendaji wa kijiji mapema, kabla mnunuzi hajatokea.