Mkono wa mtoto unapolegea ghafla

Kiharusi hakipigi ubongo peke yake, wala hakingoji uzee. Ndani ya pingili za mgongo umepita uti wa fahamu, unaopeleka amri za ubongo mikononi na miguuni. Mshipa wa damu unaoulisha ukiziba, sehemu hiyo hukosa oksijeni na kuanza kufa. Ikiwa ni shingoni, mikono huweza kulegea, pengine na miguu.

Kwa watoto, kiharusi hiki cha uti ni ugonjwa wa nadra sana. Mara nyingi huanza kwa maumivu makali ya shingo au kati ya mabega, kisha ndani ya saa chache mkono hauinuki. Uso haujapinda na mtoto anaongea vizuri, kwa hiyo nyumbani hakuna anayewaza kiharusi. Ukimgusa anahisi, lakini huenda asihisi sindano wala joto la kikombe cha chai. Pengine alianguka kidogo tu mchezoni. Madaktari wanadhani kipande cha gegedu la kati ya pingili huweza kuingia kwenye mshipa na kuuziba.

Kwa mzazi wa Mbinga, Mbamba Bay au Lituhi, mkoani Ruvuma, kuna la ziada. Polio nayo hulegeza kiungo ghafla. Februari 2022 Malawi, ng'ambo ya Ziwa Nyasa, ilitangaza mtoto aliyepoozwa na polio Lilongwe, na mwezi uliofuata Ruvuma ikawa kati ya mikoa iliyochanja watoto wa chini ya miaka 5. Ili polio isipite bila kugunduliwa, mtoto yeyote wa chini ya miaka 15 aliyelegea kiungo ghafla hutakiwa kuchukuliwa sampuli 2 za kinyesi ndani ya siku 14 tangu kulegea. Hata kichocho, mayai yake yakifika kwenye uti, huweza kupoozesha, ingawa hicho zaidi hushika miguu, na kina dawa.

Kwa macho huwezi kuyatofautisha maradhi haya. Kiharusi cha uti huthibitishwa kwa kipimo cha picha cha MRI, na kutoka Liuli hadi Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, ni mbali mno kwa mtoto mgonjwa. Dawa ya kuufufua uti uliokufa haipo, ila mazoezi ya viungo yakianza mapema humsaidia mtoto kurudisha nguvu, japo wengine hubaki na udhaifu.

Basi mzazi, usimchue mtoto shingo wala kuivuta. Mpeleke kituo cha afya siku hiyohiyo, taja saa mkono ulipoanza kulegea, na akipumua kwa shida usingoje hata kupambazuke.