Maumivu ni Tarishi: Msikilize Kabla ya Kumfukuza

Leo tuache kidogo mbolea na mbegu. Tuzungumze juu ya mgongo unaoinama kutengeneza matuta ya viazi kule Umalila, mikono inayochuma chai Mufindi na Rungwe, na kile kidonge unachomeza jioni ili kesho uamke tena.

Ukiona majani ya chini ya mahindi yamegeuka manjano kuanzia nchani, huyapaki rangi ya kijani. Unajua mmea unadai naitrojeni. Maumivu nayo ni vivyo hivyo. Ni tarishi aliyeletwa na mwili kukuambia kuna jambo.

Tarishi huyu anasafirije? Tuseme umejikata kidole cha mguu kwa jembe. Nyama iliyoumia hutoa kemikali, mojawapo ikiitwa prostaglandini. Kemikali hizo huamsha ncha za mishipa ya fahamu, na habari hupanda hadi uti wa mgongo, kisha ubongoni. Ni ubongo unaokufanya useme "Aka!" Kuna nyuzi za haraka zinazoleta ule uchungu mkali wa kwanza. Nyingine ni za polepole, mwendo wake kama mita 1 kwa sekunde, sawa na mtu anayetembea. Hizo ndizo zinazoleta yale maumivu ya kupwita yanayofuata.

Mwaka 1965 wataalamu Ronald Melzack na Patrick Wall walieleza kwamba kwenye uti wa mgongo pana kitu kama lango. Ukisugua mahali ulipojigonga, habari ya kuguswa huzuia ile ya maumivu isipite yote. Ndiyo maana mama husugua goti la mtoto aliyeanguka, na mtoto akanyamaza.

Sasa dawa. Aspirini, ibuprofeni na diklofenaki hufanya kazi palepale penye jeraha: huzuia mwili usitengeneze prostaglandini. Jambo hili lilielezwa mwaka 1971 na John Vane wa Uingereza, akapata Tuzo ya Nobel mwaka 1982. Parasetamoli hufanya kazi zaidi kwenye ubongo na uti wa mgongo. Mofini huzuia habari kwenye uti wa mgongo na ubongoni. Hiyo ni dawa ya hospitali, kwa maumivu makubwa kama ya saratani au ya upasuaji, na hutolewa kwa maagizo ya daktari tu.

Lakini sikiliza vizuri hapa. Prostaglandini hiyo hiyo ndiyo inayolinda utando wa tumbo usiunguzwe na asidi. Ukiizuia kila siku, tumbo linabaki bila mlinzi.

Jirani yangu mmoja, mzee mchapakazi, msimu wa kulima alikuwa akimeza diklofenaki kila asubuhi kabla hajala kitu, na jioni anashushia ulanzi. Mgongo ulinyamaza, naye akaendelea kulima. Wiki ya tatu choo kikawa cheusi kama lami. Hakumwambia mtu, akidhani ni mboga tu. Siku moja tukamkuta ameanguka kwenye tuta. Tumbo lilikuwa linavuja damu. Hospitalini akaongezewa damu, akapona. Angechelewa siku moja zaidi, sijui.

Kwa hiyo, ndugu mkulima, shika haya:

1. Parasetamoli ya miligramu 500: mtu mzima asizidishe vidonge 2 kwa mara moja, asubiri angalau saa 4 hadi 6, na asipite vidonge 8 kwa siku nzima, usiku na mchana. Ikizidi huharibu ini, na pombe huongeza hatari. Dawa nyingi za mafua nazo zina parasetamoli ndani, basi uliza kabla ya kuchanganya.

2. Aspirini na diklofenaki zimezwe baada ya chakula, kwa siku chache tu. Mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo, shinikizo la damu au mimba asizimeze bila kumwona mganga. Watoto wasipewe aspirini.

3. Maumivu ya kichwa pamoja na homa: nenda zahanati ukapimwe malaria. Kidonge kitashusha homa, vijidudu vitabaki.

4. Kimbia hospitali ukiona choo cheusi, ukitapika damu, kifua kikibana, shingo ikikakamaa pamoja na homa, au mgongo ukiuma huku miguu ikilegea au mkojo ukigoma.

Na mgongo wenyewe? Mimi ni bwana shamba, hapo ndipo pangu. Tumia jembe la mpini mrefu, pumzika kabla hujachoka kabisa, na kama mnaweza, unganeni majirani mkodi maksai wa kulimia. Kidonge kinakupa usiku mmoja wa kulala. Hakikulimii shamba, wala hakibadilishi mpini.

Ndugu mkulima, tarishi akibisha hodi, mfungulie kwanza umsikilize. Kwa leo tuishie hapa. Kazi njema.