Gari la jirani laweza kumwokoa mama na mtoto

Kila ninapoingia zamu ya usiku wodi ya wazazi, humkumbuka mama mmoja aliyeletwa alfajiri akiwa ameishiwa damu. Alijifungulia nyumbani, damu ikakataa kukatika. Mumewe alihangaika usiku kucha kutafuta usafiri, na kila aliyemwamsha alitaka kwanza fedha ya mafuta. Tulimpoteza. Baadaye nikaambiwa kwamba nyumba ya tatu kutoka kwao palikuwa na gari limeegeshwa.

Mama anayetokwa na damu nyingi baada ya kujifungua anaweza kufariki dunia ndani ya saa mbili. Kwake, usafiri ni sehemu ya matibabu.

Msomaji wangu, utaratibu wa kulitumia gari kama lile sasa upo. Unaitwa m-mama. Ulianzia Kanda ya Ziwa, na mwaka 2022 ukazinduliwa kitaifa. Ukipiga namba 115, bila malipo, mhudumu atakuuliza hali ya mgonjwa na mahali mlipo. Gari la wagonjwa likiwa halipatikani, humtuma dereva wa jamii, yaani mwananchi mwenye gari lake aliyesajiliwa kwa kazi hiyo. Akishamfikisha mgonjwa kituoni, hulipwa kwa simu. Ninyi hamdaiwi nauli.

Huduma hii ni ya dharura kwa mjamzito, kwa mama ambaye hajatimiza siku 42 tangu ajifungue, na kwa mtoto mchanga wa hadi siku 28. Uchungu wa kawaida si dharura, hivyo endelea kuweka akiba na kupanga usafiri mapema.

Piga simu mara moja mama akitokwa na damu, akipata degedege, akiumwa sana kichwa huku macho yakiona ukungu, au akiwa na homa kali. Kwa mtoto mchanga, angalia kama anashindwa kunyonya, anapumua kwa shida, ana degedege, au mwili wake umekuwa wa moto sana ama wa baridi.

Tafadhali, msisubiri baba arudi safarini wala mama mkwe atoe ruhusa. Saa nyingi hupotelea hapo, kabla hata gari halijatafutwa.

Leo hii, iandike namba 115 ukutani na mfundishe kila mtu wa nyumbani. Jueni jina la kitongoji chenu na alama ya kumwelekeza dereva, kama vile msikiti, shule au mti mkubwa. Simu ikigoma, mpelekeni mgonjwa zahanati ya karibu, nao watapiga kutoka huko.

Nawe mwenye gari, ulizia zahanati au ofisi ya kijiji namna ya kujisajili. Utapata kipato, na jirani yako hatabisha hodi usiku akiwa na fedha pungufu mkononi.