Data yako ikishatoka mkononi, nani anailinda?

Mkazi wa Salaita anayekwenda Voi kwa shughuli za siku moja huacha habari zake kila anapopita. Langoni mwa ofisi huandika jina, namba ya kitambulisho na namba ya simu katika daftari la wageni. Hospitalini hueleza maradhi yake. Kwa wakala wa M-Pesa huonyesha kitambulisho. Jioni akirudi nyumbani, habari hizo hubaki mikononi mwa watu asiowajua.

Habari hizo ndizo sheria inaziita data binafsi, na matumizi mabaya yake si hadithi. Mnamo Juni 2021, Wakenya wengi walipotazama rekodi za Msajili wa Vyama vya Siasa kupitia eCitizen, walijikuta wameandikishwa katika vyama ambavyo hawakujiunga navyo. Mwezi Julai 2023, eCitizen yenyewe ilishambuliwa. Kundi linalojiita Anonymous Sudan lilidai kuhusika. Mfumo ulimiminiwa maombi mengi kwa wakati mmoja hadi ukalemewa, na wananchi wakakwama kupata huduma. Serikali ilisema hakuna data iliyopotea.

Mashirika yanatakiwa kufanya nini?

Kifungu cha 31 cha Katiba kinalinda faragha ya kila mtu. Ili kukitekeleza, Bunge lilipitisha Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Sheria hii inahusu kampuni, shule, saco, makanisa, misikiti na pia ofisi za umma, zikiwemo za kaunti zinazopokea fomu za basari, leseni za biashara na rekodi za wagonjwa.

Jambo la kwanza, shirika lichukue data inayohitajika tu, na liitumie kwa kazi iliyotajwa. Namba ya simu iliyoandikwa langoni kwa ajili ya usalama haiwezi kugeuzwa kuwa ya kutumia matangazo. Pili, data ihifadhiwe salama: daftari lisiachwe wazi, na kompyuta ifunguliwe kwa nenosiri la mhusika pekee. Tatu, data ikivuja na kuhatarisha wenyewe, shirika limwarifu Kamishna wa Data ndani ya saa 72, na wahusika pia wajulishwe.

Anayekiuka huadhibiwa. Faini inaweza kufika shilingi milioni 5, au asilimia 1 ya mapato ya mwaka ya kampuni, kutegemea ipi ni ndogo. Mnamo Septemba 2023, Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data ilitoza faini shule moja kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi, kilabu kimoja kwa kuweka picha ya mteja mtandaoni bila ruhusa yake, na kampuni moja ya mikopo ya simu kwa kutumia namba za watu kuwasumbua.

Mwananchi afanye nini?

Ulinzi huanza na swali. Unapoombwa data yako, uliza inatakiwa kwa kazi gani na nani ataiona. Una haki ya kujua, kusahihisha makosa, na kuomba data isiyohitajika tena ifutwe.

Usimpe mtu yeyote namba ya siri ya M-Pesa wala ile inayotumwa kwa ujumbe mfupi, hata akijitambulisha kuwa ni afisa wa benki, wa kampuni ya simu au wa kaunti. Piga *106# uone namba za simu zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Wateja wa Safaricom wanaweza pia kupiga *100*100# ili laini yao isibadilishwe na mtu mwingine kwa siri. Laini ikizima ghafla bila sababu, wasiliana na kampuni yako ya simu mara moja, kwa maana huenda kuna anayeitumia.

Ukiona data yako imetumika vibaya, lalamikia kwanza shirika husika, na uhifadhi ujumbe au picha kama ushahidi. Usiposaidika, peleka malalamiko kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data kupitia tovuti yake, odpc.go.ke, au katika afisi yake ya Mombasa. Asiyeweza kuandika anaruhusiwa kueleza kwa mdomo, na maelezo yake yakaandikwa. Sheria inataka uchunguzi ukamilike ndani ya siku 90.