Garissa Haina Bahari, Lakini Ina Tana: Cheki Vile Utapiga Kambi Bila Kuliwa na Mamba

Ukisema wikendi ya hema na kuogelea, wasee wote wanawaza Diani ama Watamu. Garissa hakuna anayeitaja. Ni kweli huku hakuna bahari, lakini kuna Mto Tana, mrefu kuliko mito yote Kenya, na kando yake unaweza kutembea na kulala nje fiti kabisa. Shida ni kwamba joto likipita digrii 35, ukiona maji unataka tu kuvua shati. Wacha kabisa, na hii ndio sababu.

Kuogelea: Tana imejaa mamba na viboko. Maji yake ni rangi ya chai ya maziwa, so mamba anaweza kuwa mita mbili kutoka kwako na humwoni. Wanaoumizwa sana ni wenyeji wanaoenda kuchota maji na kunywesha mifugo. Kama aliyezaliwa hapo anaingia kwa uoga, wewe wa Umoja unajiamini na nini? Tafuta hoteli yenye bwawa mjini, lipa, ruka.

Kutembea: Nenda Bour-Algi, hifadhi ya jamii kusini mwa mji, ukaone twiga. Toka asubuhi mapema kabla jua liwake, beba maji mengi, na tembea na mwenyeji. Usimkaribie twiga juu ya selfi. Teke lake linaua hata simba.

Ukiwa na gari ngumu na siku za ziada, kuna Ishaqbini kule Ijara. Hapo ndipo jamii inalinda hirola, swala ambaye wamebaki chini ya 500 porini duniani nzima. Mwaka wa 2012 waliwekwa hirola 48 ndani ya uzio ili wazaane bila kusumbuliwa na simba. Huko huendi kienyeji: panga na hifadhi kwanza, na usijipeleke kupiga kambi msitu wa Boni. Usalama huko si mchezo.

Kulala: Usiweke hema ukingoni. Kiboko hutoka usiku kula nyasi, na ukiwa njiani kwake hakuzunguki. Pia mvua ya Mlima Kenya na Aberdare ndiyo hujaza Tana, so mto unaweza kufurika Garissa na mbingu iko safi. Aprili 2024 mafuriko yalikata barabara ya Madogo, boti ikazama na watu wakafa. Chagua miezi ya kiangazi, lala mahali pameinuka, na waambie wazee wa hapo uko.

Mwisho, beba kitambulisho, utaulizwa njiani. Vaa kwa heshima, omba ruhusa kabla ya kupiga mtu picha, na ukipewa maziwa ya ngamia onja.

Ukirudi Nai na picha za twiga na miguu zote mbili, hiyo trip imeiva.